Wakristo hatuwezi kuisusia siasa huku tukiikodisha mimbari

Mhariri,

Wiki jana msomaji wenu mmoja wa Nakuru aliandika katika ukurasa huu kwamba Mkristo aliyeokoka hana kazi na siasa. Alisema siasa ni mchezo mchafu, kwamba Yesu mwenyewe alimwambia Pilato, "Ufalme wangu sio wa ulimwengu huu," na kwamba wajibu wetu ni kuwaombea viongozi na kumwachia Mungu. Nimeona nimjibu, maana maneno hayo nayasikia kila mara hapa kwetu Mwatate, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi nimekuwa mweka hazina wa kanisa letu la Kianglikana. Daftari la sadaka nalijua kuliko ninavyokijua kitabu cha Ufunuo. Kwa hiyo hoja zangu ni za mtu wa hesabu. Wenye theolojia watanivumilia.

Kwanza nimuulize ndugu yangu wa Nakuru: hao Wakristo wasiohusika na siasa wanaabudu wapi? Kwetu sisi siasa haiji kwa kujificha. Inaingia Jumapili kwa mlango mkubwa, ikifuatana na magari matatu na vijana wa kubeba mwavuli.

Nimeandaa harambee za bati, za kinanda na za nyumba ya kasisi. Zote zina mtindo mmoja. Zikishafika habari kwamba mheshimiwa anakuja, mahubiri yanapunguzwa. Watoto wa shule ya Jumapili waliokariri Zaburi ya 23 nzima wanaambiwa waseme mistari miwili wakae. Benchi la mbele, ambalo siku zote ni la kina nyanya wasiosikia vizuri, linapanguswa na wenyewe wanasogezwa nyuma. Mheshimiwa anaingia ibada ikikaribia kwisha, anapewa kipaza sauti "atusalimu tu", na salamu zake zinakuwa ndefu kuliko mahubiri. Atawarushia vijembe wapinzani wake, watu watacheka, kasisi atainama kama anayetafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Huko nje vijana wameshapanga mstari wa kungojea mia mbili mbili. Ndipo inatoka bahasha.

Kuifungua bahasha ndiyo kazi yangu. Tunaifungulia chumba cha nyuma, mimi na mzee mmoja wa kanisa, mlango umefungwa. Safari moja mbele ya watu zilikuwa zimetangazwa shilingi laki mbili, makofi yakapigwa mpaka kinanda hakikusikika. Ndani ya bahasha mlikuwa na elfu hamsini na kadi yenye picha ya mheshimiwa. Nikaandika risiti ya elfu hamsini. Msaidizi wake akanitazama kama niliyemtusi. "Mwalimu, andika laki mbili, hiyo nyingine inakuja kesho." Nikamwambia, "Mwanangu, risiti ni ya pesa iliyo mezani." Hiyo kesho haijafika. Katika daftari langu sehemu ya ahadi imenenepa kuliko sehemu ya mapato, na ukitaka kujua nani aliyeezeka upande wa mashariki wa kanisa, ni akina mama wetu, kwa pesa za mboga na ndizi walizouza sokoni. Wao hawakupewa kipaza sauti.

Sisimulii haya ili kumchongea mtu, na ndiyo maana simtaji. Aliyekuwa kabla yake alikuwa hivyo hivyo, na wa chama kingine akija atakuwa hivyo hivyo tusipobadilika sisi. Ninalotaka msomaji wa Nakuru alione ni kwamba hatujaiacha siasa hata kidogo. Tumeiacha pale inapodai kazi, tukabaki nayo pale inapogawa bahasha. Mtu anayekuambia Jumatatu kwamba siasa ni uchafu ndiye aliyekuwa akipiga makofi jana yake.

Wakuu wetu wa makanisa wameliona hili, na nawapongeza. Septemba 2021 kule Butere, siku ya kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Anglikana nchini, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu, na Raila Odinga na Musalia Mudavadi wakiwa papo hapo. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe zaidi ya shilingi milioni 2 ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa Katoliki la Soweto. Miezi michache baadaye Rais huyo huyo akatangaza milioni 20 kwa kanisa jingine huko Roysambu, vijana wakaandamana. Vijana hawa hawa mwaka 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, ndio waliotuambia wazi wazi kwamba makanisa yamekuwa majukwaa. Mjukuu wangu aliniuliza wakati huo, "Nyanya, kama ni nyumba ya Mungu, mbona anayelipa ndiye anayeongea?" Nilimwambia anyamaze ale. Mtoto anaweza kuwa na haki na bado awe anaongea na chakula mdomoni.

Lakini sasa naona wengine wanaruka kutoka shimo hili na kuangukia lile. Wanasema, haya, tumewanyima wanasiasa kipaza sauti, basi kanisa na siasa vimeachana. Kumwondoa mwanasiasa mimbarini ni jambo moja. Kumwondoa Mkristo kwenye kikao ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili silikubali.

Nieleze kikao ninachokisema. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Kaunti zinatakiwa kuwasilisha makadirio ya bajeti kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na kabla ya kupitishwa kuna vikao vya kutoa maoni mashinani. Mimi huenda. Mara ya kwanza nilikuta viti vya plastiki vingi kuliko watu. Walikuwapo wazee wa kijiji, mwenyekiti wa bodaboda, kina mama wachache, bwana mmoja wa msikitini ninayemfahamu tangu tukiwa vijana, na wale ambao hawakosi popote palipo na soda. Jumapili iliyotangulia kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje. Jumanne hiyo kutoka kanisani tulikuwa wawili.

Kitabu cha bajeti kilikuwa kinene, cha Kiingereza kitupu, na nakala zake hazikutosha. Afisa aliyetumwa alikuwa akisoma kwa kasi ya mtu anayewahi matatu ya mwisho. Nikavaa miwani nikaenda ukurasa wa maji, kwa sababu maji ndiyo kilio chetu. Tsavo iko mlangoni kwetu, chemchemi ya Mzima imo humo humo, na bomba lake linapeleka maji hadi Mombasa, ilhali huku kuna vijiji ambako akina mama bado wanabeba mitungi kutoka mtoni. Basi nikaona kitu. Tangi la kijiji kimoja cha jirani lilikuwa limeandikwa kwenye ripoti ya mwaka uliopita kwamba limekamilika. Kwenye makadirio mapya lilikuwa limetengewa pesa tena, kwa jina lile lile.

Nikainua mkono. "Mwanangu, tangi lililokwisha kukamilika linakamilishwa vipi tena?"

Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. "Mwalimu, hiyo ni awamu ya pili."

"Awamu ya kwanza iko wapi?"

Hapo yule bwana wa msikitini akadakia, "Sisi tunapita hapo kila siku tukienda shamba. Labda walilijenga usiku na asubuhi wakaondoka nalo."

Watu wakacheka, afisa naye akacheka kidogo, kisha akaandika. Baadaye lililetwa tangi la plastiki, likawekwa juu ya msingi wa saruji, na bomba likaunganishwa. Sidai kwamba tulishinda, maana maji hutoka siku yanapopenda. Lakini tangi lipo, unaweza kuligonga likalia, na mwaka uliofuata halikutengewa pesa mara ya tatu. Hiyo ndiyo siasa ninayoisema. Haina mwavuli wala makofi, na haimtaki mtu aache wokovu wake mlangoni. Inamtaka ajue kusoma, au amlete mwanawe anayejua, na avumilie kukaa juu ya kiti kigumu mpaka ukurasa wake ufike.

Jambo la tembo nalo. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo. Tembo akitoka huko akaua mtu, kanisa letu linafanya mazishi kwa ustadi: mahema, mahubiri, kwaya, mchango wa jeneza. Yote hayo tunayaweza. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inasema familia ya aliyeuawa ilipwe shilingi milioni 5. Sheria hiyo haikushuka na malaika. Ilitungwa na watu waliopigiwa kura, na inaweza kurekebishwa na watu watakaopigiwa kura. Mjane akianza kufuatilia fidia, fomu hii, barua ile, kikao kimeahirishwa, rudi mwezi ujao, anajikuta peke yake, kwa sababu sisi tuliomwimbia kaburini tunasema mambo ya serikali si ya kanisa. Mimi siwezi kumtazama mama kama huyo na kumwambia ufalme wetu si wa ulimwengu huu. Tembo aliyemuua mumewe alikuwa wa ulimwengu huu.

Msomaji wa Nakuru amenukuu pia Warumi 13, kwamba kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu. Sawa. Katika Kenya mamlaka iliyo kuu ni ya wananchi, na Katiba inasema hivyo katika kifungu chake cha kwanza kabisa. Sasa nani amtii nani, hilo namwachia alifikirie.

Nadhani tumesahau haraka. Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu kijana wakati wa uchaguzi wa mlolongo. Watu walipanga foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe, na katika mchujo ule aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa. Niliona kwa macho yangu foleni fupi ikitangazwa kuwa ndefu. Mbunge wa kupiga kelele hakuwapo, maana wabunge ndio waliokuwa wamepitia humo. Waliosema ni watu wa kanisa: Askofu Henry Okullu, Askofu David Gitari, Askofu Alexander Muge, Kasisi Timothy Njoya. Jarida la Beyond la NCCK, yaani Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya, lilipoandika juu ya wizi huo lilipigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Aprili 1989 watu wenye silaha walivamia nyumba ya Gitari usiku kule Kirinyaga, akaponea juu ya paa. Muge alionywa na waziri wa leba, Peter Okondo, kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Agosti 14, 1990 alikwenda Busia, na akafa katika ajali ya barabarani akirudi Eldoret. Kama kweli Mkristo hana kazi na siasa, basi hao wote walikuwa wanapoteza wakati, na vyama vingi tunavyojivunia tungengoja viletwe na nani?

Wala sisemi kanisa likifungua mdomo huwa sahihi kila mara. Katika uchaguzi wa 2007 makasisi wetu wengi walifuata makabila yao, na washirika wakawafuata makasisi. Januari 1, 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi huo, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na watu ndani, wengi wao akina mama na watoto waliokimbilia humo wakidhani kanisani ni salama. Mwezi uliofuata NCCK iliomba msamaha hadharani kwa kuegemea upande. Mwaka 2010 tena, viongozi wengi wa makanisa walitutaka tuikatae Katiba mpya. Ilipita kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura. Kwa nchi yenye Wakristo wengi kama hii, mtu yeyote anayejua kutoa na kujumlisha anaona kwamba Wakristo wenyewe ndio walioipitisha. Mimi nilipiga kura ya ndiyo, na Jumapili iliyofuata nikala ushirika kama kawaida.

Ndiyo sababu sipendi wanaosema tupige kura kwa kuwa mtu ni "mcha Mungu". Mwaka 2022 tuliambiwa na wahubiri kadhaa kwamba Mungu ameshachagua mtu wake, kwa hiyo kazi yetu ni kwenda tu kuweka alama. Hapo ndipo uweka hazina wangu unapopiga kelele. Kanisani kwetu sadaka haihesabiwi na mtu mmoja, hata awe ameokoka mara ngapi. Huhesabiwa na wawili, wote wanatia sahihi, na mwisho wa mwaka mkaguzi anakuja. Kasisi haulizwi kama anaomba sana, anaulizwa risiti ya saruji. Hakuna anayeona kwamba huko ni kumdharau mtumishi wa Mungu. Sasa kama hatumwachii mzee wa kanisa sanduku la sadaka ya Jumapili moja akiwa peke yake, tunamwachiaje gavana mabilioni kwa sababu alipiga magoti mbele ya kamera?

Nehemia, ambaye ninampenda kuliko manabii wote ingawa yeye hakuwa nabii, alikuwa liwali. Mwanasiasa kamili. Katika sura ya tatu ameorodhesha nani alijenga kipande gani cha ukuta, familia kwa familia, na hata wakuu wa Tekoa waliokataa kufanya kazi amewaandika. Katika sura ya tano anasema kwa miaka 12 hakula posho ya uliwali kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Nikiisoma naona daftari la mtu anayejua atakaguliwa. Mgombea akinijia na maandiko, nitamwomba aanze na hiyo sura ya tano.

Kwa hiyo, ndiyo, Mkristo agombee. Mwalimu wa shule ya Jumapili anayetaka uwakilishi wadi agombee, na kama vyama vimeoza asimame mwenyewe: sheria inamtaka aungwe mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi, na akina mama wa kanisa moja wakiamua wanaweza kuwapata kabla mvua haijaanza. Kasisi akitaka kiti, aache kwanza joho na ofisi, kama alivyofanya Mutava Musyimi alipoacha ukatibu mkuu wa NCCK na kugombea ubunge wa Gachoka mwaka 2007. Kushika mimbari huku na karatasi za kampeni huku ni kuwalaghai washirika. Na akishachaguliwa asitarajie huruma yangu. Awe ni wa kwaya yetu au wa msikiti wa pale chini, nitakuja na miwani yangu kwenye ukurasa wa maji. Dada yangu ameolewa na Mwislamu, na mfereji ukikauka unakauka nyumba zote mbili.

Tunaelekea uchaguzi wa Agosti 10, 2027, na bahasha zimeshaanza kutembea. Baraza la kanisa letu limekubaliana mambo mawili. Mgeni yeyote, hata awe nani, atakaa popote atakapopata nafasi na atatoa sadaka yake kwenye kikapu kama wengine, bila kutangazwa. Na kwenye matangazo, baada ya habari za wagonjwa na kabla ya ndoa, tutasoma tarehe na mahali pa vikao vya bajeti vya wadi. Kulikuwa na mabishano juu ya hilo la pili. Mzee mmoja alisema tunaleta dunia kanisani. Akina mama wakamuuliza anakunywa maji ya wapi, na kura zikapigwa.

Kwako Mhariri nina ombi. Matangazo ya vikao hivi huku kwetu hubandikwa ukutani kwenye ofisi ya wadi, kwa Kiingereza, mara nyingine siku moja kabla. Gazeti lako linasomwa na watu ambao hawatafika kwenye ukuta huo. Ukiweza kutuchapishia ratiba ya kila kaunti kwa Kiswahili miezi ya Machi na Aprili, hata kwa herufi ndogo pale chini ya matokeo ya kandanda, nitaikata niipeleke kwa mtu wetu wa matangazo. Na ndugu wa Nakuru akipita huku siku hizo namkaribisha tukae naye kwenye kikao. Aje na kalamu yake, huwa hazitoshi.

Mwalimu mstaafu,
Mwatate, Taita Taveta
(Jina naomba lihifadhiwe; harambee bado zipo.)